Maziwa ya Bibo Niliyoyapeleka Makote

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, mbuzi wa kuchoma na hotuba tatu, na katika hotuba zote tatu mkasema kwamba nimeuza vitu vingi katika maisha yangu. Ni kweli, lakini vitu vinavyouzika havina habari. Chumvi ilinunuliwa, sukari ilinunuliwa, zile biskuti za mviringo zilinunuliwa hata zikiwa zimevunjika. Mmoja wenu, anayekwenda kufungua kituo kipya kusini, alinivuta pembeni akaniomba nimwambie jambo moja la kumsaidia huko. Nilimjibu kwa mzaha kwa sababu tulikuwa tunaitwa kukata keki. Jibu lenyewe ni hili, na ni refu kidogo.

Nilipelekwa Masasi miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Maduka ya umma yalikuwa yanakufa moja baada ya jingine, na vitu ambavyo watu walikuwa wamevisahau vilianza kurudi vikiwa na karatasi za kung'aa. Kampuni yetu ilikuwa changa na ilitafuta mtu wa kwenda kusini. Wenye akili wote walikuwa na udhuru. Mimi ni mtu wa Singida, nilikuwa na miaka miwili tu ya ndoa. Mke wangu Esta alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu, na binti yetu Neema ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Niliambiwa nitakaa mwaka mmoja.

Ghala letu lilikuwa la shirika moja lililokwisha kufungwa, na mtunza ghala, Mzee Selemani, tulimrithi pamoja na milango. Siku ya kwanza nilishuka kwenye lori nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, akaangalia sanduku langu, halafu akauliza nimekula wapi.

"Nimeshakula, mzee, asante."

"Sikuuliza kama umekula. Nimeuliza umekula wapi."

Nikasema nimekula hotelini, stendi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepokea mzigo pungufu. Baadaye ndipo alinieleza kanuni yake ya kazi, nayo aliirudia kila mwezi kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja: usiuze chakula mahali ambapo hujala mara tatu nyumbani kwa mtu. Hotelini hakuhesabu. Hotelini, alisema, unapewa unachoagiza, lakini nyumbani unapewa wanachokula.

Alikuwa na kijiko kidogo cha chai mfukoni mwa shati. Bidhaa mpya ikifika aliifungua, akaonja, kisha akaenda kuosha kijiko. Alinifundisha kunusa katoni kwenye maungio kabla ya kuipokea, kupanga mzigo juu ya mbao wakati wa mvua kwa sababu saruji hupitisha unyevu, na kutosema kamwe kwamba kitu ni kitamu. Mwambie mtu kinaliwaje, alisema, utamu atauona mwenyewe. Hayo yote niliyashika. Ile ya kula mara tatu niliona ni mambo ya wazee.

Kwa hiyo nilianza kushindwa mapema. Tulileta siagi ya mboga ya makopo. Jua la Masasi nadhani mnalijua. Kufika saa sita siagi ilikuwa imeshakuwa mafuta, na mama mmoja wa Chiwata akaniuliza kwa adabu kama ni ya nywele au ya ngozi. Nikasema ni ya kupaka kwenye mkate. Akaniuliza mkate uko wapi. Nikageuka kutazama huku na huku pale kijijini, na kweli hapakuwa na mkate.

Tukaleta maji ya chupa Newala. Pale juu maji ni shida ya kila siku, wanawake wanateremka bondeni na kupanda nayo kichwani, nikafikiri watu wenye shida ya maji watayakimbilia maji. Mzee mmoja aliiinua chupa juani, akaipima kwa macho, akanirudishia akisema haya hata kunawa hayatoshi. Halafu unga wa juisi ya machungwa ukauzika vizuri ajabu, nikaandika ripoti ya kujisifu, mpaka nilipokuta mikeka imeanikwa yenye mistari ya rangi ya machungwa. Akina mama walikuwa wanautumia kutia rangi ukili wa mikeka. Walipogundua kwamba rangi inachuja mkeka ukioshwa, na wao wakaacha kununua.

Kila nikirudi na mzigo Mzee Selemani alikuwa na swali moja tu. "Ulikula kwa nani huko?" Nilikuwa sijala kwa mtu. Ilikuwa hivi: mwaka mmoja uligeuka miwili, miwili ikawa minne, na katika miaka hiyo minne nilikuwa na chumba nyumba ya wageni, meza yangu pembeni kwenye hoteli ya stendi, na gari lililojaa katoni. Watu wa nyanda zile ni wakarimu, wangenikaribisha. Walinikaribisha mara nyingi, tena kwa kunishika mkono. Nilikuwa nasema nina haraka, nitapita siku nyingine. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Niliona nikikaa kwenye mkeka wa watu na watoto wao wakinizunguka nitalia, kwa sababu wangu nilikuwa namwona mara moja kwa mwaka, na kila nikifika alikuwa anajificha nyuma ya mama yake. Safari ilikuwa siku nne njia ikiwa nzuri, na masika njia ilifungwa kabisa. Mara ya tatu nilipokwenda Neema alinisalimia vizuri, "Shikamoo mjomba," akasifiwa kwa heshima yake. Esta alimrekebisha. Mimi nikacheka na wote, kisha nikatoka nje kuangalia mbuzi.

Huko kusini watu huitana kwa majina ya watoto wao, Mama fulani, Baba fulani. Mimi walikuwa wananiita Bwana Pakiti. Hawakuwa na jina jingine la kuniitia, na mimi sikuwapa.

Basi meneja akaja kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mtu mchangamfu, alivaa viatu vyeupe, na vumbi letu lilimsikitisha. Akasema kampuni inataka kinywaji kipya cha maziwa kwa ajili ya kusini, chenye ladha ya huko huko, na mawazo yatoke kwa sisi tulio chini. Akaongeza kwamba kituo cha Dodoma kinahitaji mtu, na atakayefanikisha kinywaji hicho atapelekwa. Kutoka Dodoma hadi nyumbani ni nusu siku. Ningekuwa nakwenda kila Jumamosi. Ningemfundisha Neema kusoma saa. Sijawahi kutaka kitu maishani kama nilivyoutaka ule uhamisho.

Nilitazama kwa macho mawili niliyokuwa nayo. Msimu wa korosho ulikuwa umeanza. Kila nilipopita watoto walikuwa wanakula mabibo, wakubwa wanakamua mabibo, mabibo yamelala chini ya mikorosho mekundu na ya njano mpaka yanakanyagwa. Mimi mwenyewe sikuyala, yalinikwaruza koo siku ya kwanza nikaachana nayo. Lakini niliona watu wanaoyapenda kuliko kitu chochote. Na maziwa, kwetu Singida, ni chakula cha kila mtu. Hapa ng'ombe walikuwa wachache, nikaona hilo ndilo pengo. Nikaandika pendekezo la kurasa mbili: maziwa yenye ladha ya bibo.

Mzee Selemani wakati huo alikuwa amelazwa Ndanda kwa sababu ya mguu. Nilikwenda kumwona mara mbili, nikamsimulia habari zote za ghala isipokuwa hiyo. Nilitaka akitoka akute nimefanikiwa. Mara ya pili aliniuliza kama kuna jipya, nikasema hakuna. Mpaka leo nikikumbuka jibu hilo najisikia vibaya.

Dar es Salaam walipenda. Sijui ladha ya bibo waliipata wapi, nadhani ilikuwa ladha ya embe iliyobadilishwa jina. Pakiti zilikuja zimechorwa bibo jekundu lenye korosho yake, na pembeni glasi ya maziwa. Ilikuwa picha nzuri kweli. Nilichagua kuanzia Makote, kijiji cha huko Newala, kwa sababu mwenye duka pale, Mama Zuhura, mjane wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alikuwa mteja wangu mwaminifu na barazani kwake hapakosi watu. Nilifika asubuhi siku ya Jumamosi, nikapanga pakiti juu ya meza, nikaanza kuzigawa bure za kuonja.

Walipokea wote. Kwa mikono miwili, kwa asante. Wakaangalia picha. Halafu kila mmoja akaishika tu, kama mtu aliyepewa barua isiyo yake. Hakuna aliyefungua. Nikafikiri ni haya ya wanakijiji, nikawahimiza. Mwisho mzee mmoja akairudisha pakiti mezani kwa upole, akasema, "Mwanangu, bibo na maziwa ni sumu."

"Sumu kivipi, baba?"

"Mtu akila bibo hanywi maziwa. Akinywa anakufa. Kwani hukuambiwa?"

Nikawatazama. Nyuso zote zilikuwa zinalijua jambo hilo. Kina mama walilijua, watoto walilijua, nadhani na kuku walilijua. Hilo ni jambo ambalo mama anamwambia mtoto wakati wa kula, na mtoto akishaambiwa mara moja halisemwi tena. Ningekuwa nimekaa kwenye mkeka wa mtu yeyote pale, msimu mmoja tu, ningelisikia. Miaka minne nilikuwa nakula peke yangu, na nani angeniambia?

Hapo ningefunga katoni niondoke. Lakini nilikuwa naiona Dodoma inaondoka mbele ya macho yangu. Nikasema kwa sauti kwamba ni uzushi. Nikaomba mabibo, nikapewa na mtoto kabla mama yake hajamzuia. Nikala mabibo manne huku koo linawaka, nikafungua pakiti ya maziwa nikanywa, nikafungua ya pili, ya tatu. Nikawaambia, tazameni.

Hawakutazama. Walianza kuondoka mmoja mmoja, na kila aliyepita mbele yangu aliniambia, "Pole, Bwana Pakiti." Mzee yule alinishika bega kidogo naye akaenda. Baada ya muda mfupi baraza lilikuwa tupu, nimebaki mimi na meza.

Mama Zuhura alifunga duka. Akatoa mkeka, akautandika barazani kivulini, akaniambia nikae. Nilikaa kwa sababu tumbo lilikuwa limeanza kuvurugika, na ninyi mkinywa pakiti tatu za maziwa juu ya mabibo manne mtaniambia kama lenu litatulia. Akaleta maji, akakaa mkabala nami, akaanza kuniuliza habari zangu.

"Kwenu hasa ni wapi?"

Nikamwambia. Akauliza ni wilaya gani, kijiji gani. Akauliza kama wazazi wako hai.

"Na mkeo anaitwa nani?"

"Esta."

"Anafanya kazi?"

"Mwalimu." Akataka jina la shule, na posta yao iko wapi. Nikamtajia yote.

"Na mtoto?"

"Neema. Ana miaka mitano sasa."

"Baba Neema," akasema, kama anayelijaribu jina. "Haya, Baba Neema. Niambie habari za huyo Neema."

Siwezi kuwaeleza furaha niliyoipata. Nilizungumza mchana kutwa. Nilimweleza meno ya Neema, homa ya Neema, jinsi Esta anavyosahihisha madaftari huku anakoroga uji. Nilimwambia hata habari ya shikamoo mjomba, ambayo sikuwahi kumwambia mtu, na yeye hakucheka. Mara moja tu alinyanyuka, akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia anazungumza na kaka yake, kisha baiskeli ikaondoka. Akarudi akaendelea kusikiliza. Alikuwa ananitazama sana usoni. Jua lilipoanza kuteremka alinipikia ming'oko, vile viazi vya porini, nikala nikashiba, na tumbo likawa limetulia.

"Unajionaje?" akauliza.

"Vizuri, Mama Zuhura. Sijajiona vizuri hivi siku nyingi."

Akainamisha uso, akasema alhamdulillahi.

Niliendesha gari kwenda kulala Newala nikiwa naimba. Maziwa yalikuwa yameshindwa, hilo nililijua, lakini nilifikiri nimepata rafiki. Wiki iliyofuata nilikuta habari zangu zimetangulia kila kijiji. Kwamba nilikuwa mzima hakukubadilisha kitu. Watu wa bara, walisema, matumbo yao ni mengine. Hakuna pakiti hata moja iliyofunguliwa kwa hiari nyanda zote zile. Mzigo wote ulirudi Masasi, ukachacha, pakiti zikavimba na kupasuka ghalani zenyewe, na Mzee Selemani, aliyekuwa ameshatoka hospitali, alishinda anafagia huku ameegemea fimbo yake. Alionja moja kwa kijiko chake. Alikwenda kuosha kijiko mara mbili.

Meneja alipiga simu. Hakugomba. Aliuliza tu, "Umekaa huko miaka minne. Ulikuwa unafanya nini?" Dodoma alipelekwa mtu mwingine.

Tangu siku ile kila nilipopita Makote nilikula kwa Mama Zuhura. Nilikula mara tatu, nikala mara thelathini, na kweli nilianza kuuza vizuri kwa sababu nilijua kinachoingia kwenye vyungu. Lakini mwezi wa sita, njia zilipofunguka na likizo yangu ilipofika, nilikwenda kumuaga. Alikuwa hana raha. Mwisho akaingia ndani akatoka na karatasi iliyokunjwa.

"Baba Neema, hii imekaa kwangu tangu msimu wa mabibo. Nilifikiri nisikupe. Halafu nikaona si vizuri uende kwako hujui."

Kisha akanieleza. Siku ile barazani alikuwa anasubiri nife. Aliona si haki mgeni afe peke yake barazani kwa watu, wala afe bila mtu wa kupelekewa habari. Ndiyo maana aliuliza kwetu, jina la mke, shule na posta. Kaka yake aliondoka na baiskeli kwenda posta ya Newala kumpigia Esta telegramu: mumeo amekula sumu, hali mbaya, njoo. Nilimwuliza kama maswali yote yalikuwa kwa ajili hiyo. Akafikiri, kwa sababu alikuwa mtu wa kweli.

"Ya mwanzo," akasema. "Ya Neema niliuliza kwa kutaka."

Karatasi ilikuwa jibu. Karani wa posta alikuwa amemsomea, na sasa nilijisomea mwenyewe: NJIA IMEFUNGWA. AKIFA MZIKENI HUKO HUKO. POLENI NA ASANTENI. ESTA.

Nikamshukuru Mama Zuhura, nikapanda gari. Mvua za mwaka ule ziliwahi, kwa hiyo njia ilikuwa imefungwa kweli. Nilijiambia hivyo siku zote nne za safari. Nyumbani Esta alinipokea kwa maji ya kuoga na kuku. Hakutaja telegramu, nami sikutaja. Barua yangu niliyoandika baada ya tukio, iliyojaa habari za hali ya hewa, ilikuwa imeshamfikia, naye akawa ameelewa kwamba sikufa. Nilikaa likizo yangu, nikarudi Masasi miaka mingine mitatu, kisha Tabora, kisha huko mlikonikuta. Neema alikua. Ana watoto, ananipigia simu sikukuu.

Mwezi uliopita, nikitafuta makaratasi ili niandike haya, niliikuta ile telegramu. Esta alikuwa jikoni anachambua mchele. Na yeye amestaafu, tunakaa wawili, na mara nyingi tunapishana mlangoni tukipeana njia kama wapangaji. Nikampa. Akavaa miwani, akaisoma yote ingawa ni mistari miwili.

"Kumbe walikupa," akasema.

Nikamwuliza kama njia isingefungwa angekuja. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele.

"Sijui. Nililia kidogo pale posta. Halafu nilikuwa na kipindi cha nne, nikarudi darasani. Neema sikumwambia. Sikuona kitu gani kingebadilika nikimwambia."

Hakusema kwa ubaya, na mimi sikukasirika. Niliuliza swali moja tu la mwisho, nalo niliuliza kwa sababu nilitaka nisikie jambo jema. Niliuliza alijisikiaje barua yangu ilipofika akajua niko hai.

"Nilifurahi," Esta akasema. "Nilifurahi sana. Halafu nikakumbuka kwamba hata hivyo huji."